Gari la umeme la kifahari linapogeuka mgeni wa kudumu wa karakana

Na Mwandishi Wetu

MNUNUZI wa gari jipya la umeme la daraja la juu nchini Marekani hulipa dola 70,000, na pengine zaidi ya dola 100,000, akiamini kuwa ameagana na fundi. Imani hiyo ina msingi wake. Gari la aina hiyo halina mafuta ya injini ya kubadilishwa, halina plagi wala ekzosi, na mota yake ina sehemu chache zinazozunguka kuliko injini ya petroli.

Hata hivyo, kumbukumbu za zaidi ya muongo mmoja zinaonyesha kuwa baadhi ya magari hayo yamewasumbua wenyewe kwa namna mbili: kuharibika mara kwa mara, na kukaa karakana kwa wiki au miezi yakisubiri kipuri au fundi. Tabu ya pili mara nyingi ndiyo iliyo chungu zaidi, kwa kuwa marejesho ya mkopo huendelea kulipwa kila mwezi huku gari likiwa limeegeshwa kwa watu.

Sheria za nchi kadhaa zinampa mnunuzi wa namna hiyo njia ya kurudishiwa fedha zake. Lakini ili njia hiyo imfae, mambo mawili yanahitajika: awe na maandishi ya kuthibitisha usumbufu wake, na kampuni inayowajibika iwe bado ipo. Jina la Fisker, lililofikishwa katika mahakama ya ufilisi mara mbili, linaonyesha uzito wa jambo hilo la pili.

Mkasa wa Karma

Kampuni ya Fisker Automotive ilianzishwa mwaka 2007 na Henrik Fisker, mbunifu kutoka Denmark aliyejipatia sifa kwa kuchora gari la BMW Z8. Gari lake, Karma, liliundwa nchini Finland katika kiwanda cha Valmet. Liliendeshwa kwa umeme, likiwa pia na injini ya petroli ya kuzalisha umeme pale betri inapokwisha, na bei yake ilizidi dola 100,000.

Desemba 2011 kampuni iliitisha magari 239 kwa sababu vibano vya mipira ya maji ya kupooza betri havikufungwa sawasawa, hivyo maji yangeweza kuvuja na kusababisha moto. Machi 2012 jarida la Consumer Reports, ambalo hununua magari linayoyapima kwa fedha zake lenyewe, lilijikuta na Karma lililozima na kukataa kuwaka likiwa halijatembea hata maili 200. Gari hilo likavutwa hadi kwa wakala.

Mwezi huohuo watengenezaji wa betri zake, kampuni ya A123 Systems, walikiri kuwa baadhi ya seli zilizotoka katika kiwanda chao cha Livonia, Michigan, zilikuwa na kasoro, na kwamba kuzibadilisha kungegharimu takriban dola milioni 55. Oktoba 2012 A123 iliomba ulinzi wa mahakama ya ufilisi. Fisker nayo ilifuata Novemba 2013. Wenye magari walipata afueni baada ya kampuni ya Wanxiang ya China, iliyokwisha kuinunua A123, kuichukua pia Fisker mwaka 2014 kwa dola milioni 149.2.

Kinachoharibika

Wengi hudhani kuwa betri kubwa ndiyo chanzo cha kila tatizo. Kwa kawaida betri hiyo hulindwa na dhamana ya miaka 8. Katika matukio mengi ya gari kuzima ghafla, mkosaji ni kifaa kidogo zaidi.

Karibu kila gari la umeme lina betri ya pili, ndogo, ya volti 12, ambayo huendesha kompyuta, vitasa, taa na swichi zinazoiunganisha betri kubwa na mota. Betri hiyo ndogo ikifa, swichi hizo hazifungi, na gari lenye chaji tele hubaki kama jiwe. Mwaka 2024 kampuni ya Hyundai iliitisha zaidi ya magari 145,000 nchini Marekani, yakiwemo ya daraja la juu ya Genesis, kwa kuwa kifaa kinachoichaji betri ndogo kilikuwa kikiharibika na gari kuweza kupoteza nguvu likiwa barabarani.

Eneo jingine ni kompyuta. Februari 2021 Tesla iliitisha takriban magari 135,000 ya Model S na Model X yaliyoundwa kati ya mwaka 2012 na mwanzoni mwa 2018. Chipu ya kumbukumbu ya kioo cha katikati ilikuwa ikichakaa kwa kuandikwa na kufutwa mara nyingi mno. Ilipochoka, dereva alikosa kamera ya nyuma na uwezo wa kuondoa ukungu kwenye kioo cha mbele.

Mota zenyewe hazikusalimika. Agosti 2014 Tesla ilirefusha dhamana ya mota na sanduku la gia la Model S hadi miaka 8 bila kikomo cha maili, na kuwahusisha wateja wa zamani. Agosti 2015 Consumer Reports lililipa toleo moja la gari hilo alama 103 katika kipimo cha 100. Oktoba mwaka huohuo jarida hilo likaacha kulipendekeza kwa wasomaji wake, kutokana na matatizo yaliyoripotiwa na wamiliki. Gari linaweza kuwa bora kuliendesha na wakati huohuo likawa la kuchosha kulimiliki.

Kwa nini matengenezo huchelewa

Sababu ya kwanza ni uhaba wa mafundi. Mfumo wa umeme wa magari hayo huwa wa volti 400 au 800, kiwango kinachoua. Fundi hapaswi kuufungua bila mafunzo, glavu maalumu na utaratibu wa kuukata umeme kwanza. Gereji nyingi za mitaani hazina wataalamu hao.

Sababu ya pili ni vipuri. Gari la petroli linalouzwa kwa wingi lina watengenezaji kadhaa wa pampu moja. Gari la umeme la toleo dogo aghalabu hutegemea mtengenezaji mmoja tu, na vifaa vyake hubadilishwa kwa mkupuo: boksi zima hutolewa na jingine kuwekwa, hata kama kilichoungua ni waya mmoja.

Sababu ya tatu ni programu. Kipuri kipya mara nyingi lazima kitambulishwe kwa kompyuta ya gari kwa kutumia mtambo unaodhibitiwa na kampuni. Hivyo fundi aliye nje ya mtandao wa kampuni anaweza kukifunga kipuri hicho barabara, na gari likakataa kukitambua.

Sheria za 'limau'

Wamarekani huliita gari bovu lililouzwa kama zima 'limau', na sheria zinazowalinda wanunuzi wa magari hayo zimepata jina hilohilo. Jimbo la Connecticut lilitangulia mwaka 1982, na leo kila jimbo lina sheria ya aina hiyo. Aidha, ipo sheria ya dhamana ya nchi nzima, Magnuson-Moss, ya mwaka 1975.

Sheria ya California ni miongoni mwa zile kali zaidi. Katika miezi 18 au maili 18,000 za mwanzo, lolote litakalotangulia, gari huhesabiwa kuwa limeshindikana kutengenezwa ikiwa mojawapo ya mambo haya limetokea: limetengenezwa mara 2 au zaidi kwa kasoro inayoweza kuua au kujeruhi vibaya; limetengenezwa mara 4 au zaidi kwa kasoro ileile; au limekaa karakana zaidi ya siku 30 kwa jumla, hata kama siku hizo hazikufuatana. Mwenye gari anaweza pia kudai nje ya vipimo hivyo, ila mzigo wa kuthibitisha huwa mzito zaidi kwake.

Kipengele cha siku 30 ndicho chenye manufaa makubwa kwa mwenye gari la umeme. Gari linaweza kuwa limepelekwa mara moja tu, likasubiri pampu kwa wiki 6, na likawa tayari limefikia kipimo hicho.

Haki ikipatikana, kampuni hutoa gari jingine au hurudisha fedha, ikikata sehemu ya matumizi. Makato hupatikana kwa kugawanya maili zilizotembewa kabla ya gari kupelekwa mara ya kwanza kwa kasoro hiyo kwa 120,000, kisha kuzidisha kwa bei. Kwa mfano, gari la dola 90,000 lililopelekwa mara ya kwanza likiwa na maili 6,000 hukatwa asilimia 5, yaani dola 4,500. Kwa hiyo anayechelewa kulipeleka hujiongezea makato.

Sheria nyingine iliyotiwa saini California mwaka 2024 iliweka taratibu na mipaka mipya ya muda kwa madai dhidi ya kampuni zilizochagua kuifuata. Ni vyema mdai ajue kwanza kama kampuni yake imo.

Ulaya yafuata mkondo mwingine

Nchini Uingereza, Sheria ya Haki za Walaji ya mwaka 2015 humruhusu mnunuzi kulikataa gari lenye kasoro ndani ya siku 30 na kurudishiwa fedha zote. Baada ya hapo muuzaji hupewa nafasi moja ya kulitengeneza au kulibadilisha, tena ndani ya muda wa kuridhisha. Akishindwa, mnunuzi anaweza kulirudisha, ingawa kwa magari makato ya matumizi yanaruhusiwa. Aliyenunua kwa mkopo wa aina ya kukodi na kununua hudai kwa kampuni ya fedha, kwa kuwa kisheria hiyo ndiyo iliyompa gari.

Katika Umoja wa Ulaya, muuzaji huwajibika kwa miaka isiyopungua 2. Kasoro inayojitokeza ndani ya mwaka wa kwanza huhesabiwa kuwa ilikuwapo tangu siku ya kukabidhiwa gari, isipokuwa muuzaji athibitishe vinginevyo.

Hatua za kuchukua

Madai ya namna hii husimama au huanguka kwa maandishi. Kila ziara ya karakana inapaswa kuacha karatasi yenye tarehe ya kuingia, tarehe ya kutoka, maili zilizosomwa na malalamiko ya mwenye gari. Karatasi hiyo idaiwe hata pale mafundi wanaposema hawakuona kasoro. Malalamiko yaandikwe kwa maneno yaleyale kila mara, kwani kasoro moja iliyoandikwa kwa majina manne inaweza kuhesabiwa kuwa kasoro nne tofauti.

Magari ya umeme yana mtego wa ziada. Fundi anaweza kuja nyumbani, au kampuni ikarekebisha programu kupitia intaneti usiku gari likiwa limelala. Mwenye gari asipoomba kumbukumbu ya kazi hiyo, jaribio hilo huenda lisionekane popote.

Mambo mengine ya kuzingatia ni haya: kupiga picha au video ya onyo linalojitokeza kwenye kioo, kumwandikia mtengenezaji moja kwa moja, si wakala pekee, kuomba gari la muda, na kutunza risiti za teksi na za kuvutwa, kuripoti kasoro ya usalama kwa mamlaka, ambayo nchini Marekani ni NHTSA, na kusoma kama mkataba unamlazimisha mnunuzi kwenda kwa msuluhishi badala ya mahakamani. Kusitisha marejesho ya mkopo kwa hasira hakumkomoi mtengenezaji; humharibia mkopaji jina.

Kampuni inapokufa

Ng'ombe akivunjika guu hukimbilia zizini, lakini wenye magari ya Fisker Ocean walilikuta zizi limebomolewa. Henrik Fisker alianzisha kampuni ya pili, Fisker Inc., na gari lake la Ocean likaundwa Graz, Austria, na Magna Steyr. Toleo la juu liliuzwa kwa takriban dola 69,000. Mwaka 2023 yaliundwa zaidi ya magari 10,000, lakini chini ya nusu yake ndiyo yaliyowafikia wateja mwaka huo.

Kufikia Mei 2024 NHTSA ilikuwa imefungua uchunguzi wa aina 4 kuhusu gari hilo, ukihusu breki, gari kujiviringisha likiwa limeegeshwa, milango isiyofunguka na mfumo wa breki za dharura. Juni 17, 2024 kampuni iliomba ulinzi wa mahakama ya ufilisi huko Delaware. Magari zaidi ya 3,000 yaliyobaki yaliuzwa kwa American Lease ya New York, inayokodisha magari kwa madereva wa teksi.

Baadaye mwaka huohuo kampuni ilieleza kuwa vipuri vya magari yaliyoitishwa vingetolewa bure, ila ujira wa fundi ungebaki kwa mwenye gari. Mawakili wa serikali ya Marekani walipinga mahakamani, wakisema sheria ya usalama inataka matengenezo hayo yasimgharimu mwenye gari. Kwa upande wao, wamiliki waliunda chama, Fisker Owners Association, kutafuta vipuri, mafundi na njia za kuitunza programu ya gari. Dhamana walizopewa siku ya kununua zilikuwa zimebaki ahadi za mtu asiyekuwapo.

Funzo hilo linawahusu pia wanunuzi wa Afrika Mashariki wanaoagiza magari yaliyotumika ng'ambo, kwani watengenezaji wengi huifunga dhamana yao ndani ya soko ambako gari liliuzwa mara ya kwanza. Kabla ya kutoa fedha, maswali ya kuuliza ni matatu: nani atalifungua gari hili likizima, kipuri kitatoka wapi, na nani atakayejibu barua ikiandikwa. Likikosekana jibu la lolote kati ya hayo, bei nafuu ya gari hilo haijawa nafuu bado.