Nani kasema Mwafrika hasononeki?

Haya ndugu zangu, leo siasa naiweka kando. Tuongee historia kidogo.

Nilipokuwa mdogo kule Nyansurura, mkoani Mara, tulikuwa na jirani, mama mmoja, aliyeacha kwenda shamba baada ya kufiwa na watoto wawili mfululizo. Hakupiga kelele wala kumrushia mtu mawe. Alilala tu, hali, hasemi. Wakubwa walisema mvivu, wengine wakasema karogwa. Sisi watoto tulimcheka. Hakuna aliyesema anaumwa, maana kwetu mgonjwa wa akili ni yule anayeokota makopo barabarani.

Nimemkumbuka juzi nikisoma habari za daktari wa kikoloni, J. C. Carothers. Huyu bwana aliongoza hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari, Nairobi, kuanzia 1938 hadi 1950, na alipopewa kazi hiyo hakuwa amesomea magonjwa ya akili. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani lilichapisha kitabu chake kuhusu akili ya Mwafrika. Alidai kuwa sonona, ile huzuni isiyokwisha inayomnyang'anya mtu usingizi, hamu ya kula na hata hamu ya kuishi, ni nadra kwa Waafrika. Eti Mwafrika hajibebeshi lawama na majukumu kama Mzungu!

Jamani! Lakini hebu tuache hasira tuangalie hesabu yake. Alitegemea sana wagonjwa waliofikishwa hospitalini. Sasa enzi za mkoloni, nani alifikishwa Mathari? Ni yule aliyevunja vitu, aliyepiga watu, aliyesumbua. Anayelia kimya ndani ya nyumba yake, nani angehangaika kumsafirisha?

Aliyekuja kuionyesha kasoro hiyo ni John Orley, daktari wa akili kutoka Uingereza aliyefanya kazi Uganda. Hakukaa hospitalini kusubiri wagonjwa. Alikwenda kwenye vijiji viwili na kuwahoji watu wa kawaida kwa Kiganda, akitumia utaratibu uleule wa maswali uliotumika kwa wanawake wa Camberwell, London. Yeye na mwenzake John Wing walichapisha matokeo mwaka 1979: sonona ilikuwa nyingi zaidi katika vijiji vile vya Uganda kuliko Camberwell. Kumbe ugonjwa ulikuwepo siku zote. Ni kwamba hakuna aliyebisha hodi kuuliza.

Na dawa je? Hapohapo Uganda, Paul Bolton na wenzake walifanya jaribio katika vijiji 30 vya Masaka na Rakai, wakalichapisha mwaka 2003. Walianza kwa kusikiliza wenyeji wanauitaje ugonjwa huu, wakakuta majina mawili ya Kiganda: moja maana yake kujichukia, jingine kujihurumia. Kisha wenyeji, si madaktari, wakafundishwa kwa wiki mbili kuongoza vikundi. Wanakikundi walikutana mara moja kwa wiki, kwa wiki 16, wakizungumzia misiba, ugomvi wa nyumbani na mabadiliko ya maisha. Mwishoni, waliobaki na sonona kali ndani ya vikundi walikuwa asilimia 6.5. Kwa wasiopata huduma hiyo walikuwa asilimia 54.7. Bila kidonge hata kimoja!

Kwetu nako kazi imefanyika. Mwaka 2002 Dk. Sylvia Kaaya wa Muhimbili na wenzake walichapisha utafiti uliopima kama dodoso la maswali 25, kwa Kiswahili, linaweza kutambua sonona kwa wajawazito wenye virusi vya UKIMWI. Kwa hiyo hata kisingizio cha lugha hatuna.

Ni rahisi kumcheka Carothers. Lakini tukimwita mtu mvivu kwa sababu hapigi kelele, tofauti yetu na yeye iko wapi? Mimi mwenyewe, na digrii yangu, mwaka jana nilimwambia mwenzangu wa chumba cha habari "acha kudeka" alipoanza kuchelewa kazini na kunyamaza. Aliacha kazi mwezi uliofuata, na sikumuuliza chochote.

Mama wa Nyansurura siwezi tena kumuuliza. Huyu mwenzangu namba yake ninayo. Nikimaliza kuandika hapa nampigia.