Mtazamaji wa Pwani Hakukaa Kimya

Mkongani, wadi ya Matuga, Kwale, inayopakana na Hifadhi ya Shimba Hills, haikuwa mahali pa majumba ya sinema. Enzi za majumba hayo, mtu wa huko aliyetaka kukata tikiti alilazimika kuteremka hadi Likoni, avuke kwa feri, kisha aingie Regal au Naaz mjini Mombasa. Historia ya filamu inapoandikwa, watu kama yeye ni nadra kutajwa. Wanaotajwa ni watengenezaji, wenye kumbi na bodi za ukaguzi. Maneno ya watazamaji wakitoka kutazama, nani alistahili kufa, nani alionewa, wapi hadithi ilidanganya, huachwa kama porojo za barazani. Lakini ukifuatilia kumbukumbu zilizopo utaona kwamba porojo hizo ndizo zilizoamua filamu na riwaya zipi zingeishi pwani yetu, na zingeishi kwa sura gani. Waliojifanya kumjua mtazamaji kuliko anavyojijua walikosea mara nyingi.

Tuanze ng'ambo ya mpaka, Tanganyika, huko Vugiri, karibu na Korogwe. Kati ya 1935 na 1937 mradi wa Waingereza, kwa fedha za Shirika la Carnegie la New York, ulitengeneza huko filamu fupi zipatazo 35 kuhusu safura, kodi, kilimo cha kahawa na akiba ya posta. Viongozi wake, Notcutt na Latham, walizizungusha kwa lori Afrika Mashariki na Kati, zikitolewa maelezo kwa Kiswahili na lugha nyingine, nao wakaandika jinsi zilivyopokewa. Baadaye William Sellers, aliyeongoza kitengo cha filamu za makoloni kilichoundwa 1939, alishikilia kwamba Mwafrika atengenezewe filamu za polepole zisizo na ufundi mwingi. Kisa kimoja kikarudiwa mno: wanakijiji walionyeshwa filamu ya usafi, na walipoulizwa wameona nini wakajibu, kuku. Watengenezaji hawakujua kuna kuku mpaka walipoikagua picha baada ya picha. Mtaalamu wa mawasiliano Marshall McLuhan alikitia kisa hicho katika kitabu chake cha 1962 kama ushahidi kwamba asiyesoma hajui kutazama.

Wanahistoria, akiwamo James Burns, wamezitilia shaka nadharia hizo. Lakini hata tukikikubali kisa jinsi kilivyo, kinamshtaki nani? Kuku alikuwamo. Mtazamaji alisema alichokiona, na aliyeshindwa kuiona filamu yake ni aliyeitengeneza. Isitoshe, hakuna anayetazama kwa macho matupu. Mkulima wa Mkongani anayekesha akifukuza ndovu shambani, ukimwonyesha filamu ya ndovu wapole wanaocheza na watoto wao, atauliza mahindi ya mwenye shamba yako wapi. Swali hilo ni uhakiki kamili, kwa sababu linaigusa sehemu ambayo filamu imeamua kuificha.

Hoja hii hupata nguvu zaidi tukifika kwenye filamu za Kihindi. *Awara* ya Raj Kapoor, ya 1951, ilipendwa mno Zanzibar na miji mingine ya pwani, na utafiti wa Laura Fair kuhusu sinema Tanzania unaeleza jinsi watu walivyoibeba hadi majumbani. Katika filamu hiyo, hakimu anaamini kwamba mwana wa mhalifu hana budi kuwa mhalifu, kisha mwanawe mwenyewe analelewa na jambazi. Kwa jamii inayopima ndoa kwa nasaba, hilo halikuwa jambo la India pekee. Watazamaji wengi hawakujua Kihindi, lakini hukumu waliitoa. Tena hawakuishia kwenye maneno. Mombasa, Juma Bhalo alijenga jina lake kwa taarabu yenye lahani za filamu za Kihindi, huku maneno yakiwa mashairi ya Kiswahili, mengine yakitoka kwa Ahmad Nassir. Hayo nayo ni maoni ya mtazamaji: lahani nimeikubali, maneno nitayatia yangu.

Video ilipoingia, maoni yalipewa maikrofoni. Dar es Salaam, Derek Mukandala, maarufu kwa jina la Lufufu, alifasiri filamu za kigeni kwa sauti yake. Nchini Kenya, DJ Afro amefanya kazi hiyo kwa Kiswahili cha mitaani. Msimulizi wa aina hii hafasiri tu. Huwapa wahusika majina mapya, humcheka adui kabla hajapigwa, humtahadharisha steringi kwamba kuna mtu nyuma ya mlango, na penye mazungumzo marefu hutia kisa chake. Yaani amechukua yale ambayo watu wangesema kwenye kibanda cha video, akayafanya sehemu ya filamu.

Kuna watakaopinga wakisema kwamba maoni ya namna hii huishia kwenye maadili na vituko, hayafiki kwenye sanaa, na mara nyingine hudhuru. Pingamizi hili lina uzito. *Rosa Mistika* ya Euphrase Kezilahabi, ya 1971, ilizua malalamiko kwamba inapotosha vijana, ikapigwa marufuku shuleni Tanzania. Leo inahesabiwa miongoni mwa riwaya kuu za Kiswahili. Umma unaweza kukosea, tena vibaya. Lakini kilichoirudisha riwaya hiyo ni wasomaji walioendelea kuisoma na kuitetea. Na mwandishi Ken Walibora alipofariki Aprili 2020, Wakenya wengi waliomlilia walizungumzia *Siku Njema*, riwaya yake ya 1996 waliyoisoma shuleni. Mitihani iliwalazimisha kuisoma. Haikuwalazimisha kuipenda.

Wengine watasema maneno ya barazani hayaandikwi, hivyo si ushahidi. Ila Fair ameandika historia nzima kwa kuwahoji waliokuwa kumbini, na Watanzania wamesema mengi. Kwale hakujakosekana watu wa kuhojiwa. Pwani yetu pia imeonja faida ya kumsikiliza mtazamaji mapema: *Watatu*, filamu ya Nick Reding ya 2015 kuhusu itikadi kali Mombasa, ilitokana na mchezo wa jukwaani ambamo hadhira ilialikwa kuingilia kati na kupendekeza njia nyingine. Hapo ushauri wa mtazamaji haukusubiri kazi ikamilike ndipo upuuzwe. Atakayetengeneza filamu kuhusu Kwale aipeleke Mkongani kabla ya kuipeleka Nairobi, na wakimwambia wameona kuku, arudi akaitazame upya.