Saratani ya Kaposi: Miaka 28 ya Kungoja Dawa

Sisi wakazi wa Ndera tuna bahati ya kuwa karibu na Kanombe, ambako matibabu ya saratani kwa mionzi yalianza mwaka 2019. Lakini historia ninayotaka kuieleza inaanzia ng'ambo ya mpaka, Kampala.

Saratani ya Kaposi ilielezwa mara ya kwanza na daktari Moritz Kaposi huko Vienna mwaka 1872. Ulaya ilikuwa nadra. Uganda na mashariki mwa Kongo ilionekana mara nyingi hata kabla ya UKIMWI, na ndiyo sababu mwaka 1961 wataalamu wa nchi mbalimbali walikutana Kampala kuijadili. Katika miaka ya 1970, Dkt. Charles Olweny na wenzake wa Taasisi ya Saratani ya Uganda, pale Mulago, walikuwa wakitafiti dawa za kuitibu. Kisha UKIMWI ukaenea, na wagonjwa wa Kaposi wakaongezeka sana.

Doksorubisini ni mojawapo ya dawa zinazoua seli za saratani, ila haichagui: hudhuru hata moyo. Yechezkel Barenholz na Alberto Gabizon, huko Jerusalem, walishughulikia tatizo hilo kwa kuifungia ndani ya vifuko vya mafuta vyenye upana wa nanomita 100 hivi. Panga vifuko elfu kumi mstari mmoja, utapata milimita moja tu! Mishipa ya damu ndani ya uvimbe huvuja kama kapu lililosukwa ovyo, hivyo vifuko hupenya na kubaki humo. Mishipa mizima huvizuia, na moyo hauumizwi sana.

Marekani iliidhinisha dawa hiyo mwaka 1995. Kwa ugonjwa gani? Kaposi ya wagonjwa wa UKIMWI. Wagonjwa walikuwa wengi kwetu, lakini bei ilikuwa ya kwao. Hata utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2020, uliohusisha wagonjwa wa Kenya na Uganda, ulilinganisha dawa za zamani tu. Paklitakseli ikashinda, na dawa ya vifuko haikuwemo kabisa. Shirika la Afya Duniani liliiingiza kwenye orodha ya dawa muhimu kwa ajili ya Kaposi mwaka 2023.

Kwa maoni yangu, nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zingeagiza dawa hii kwa pamoja, kwani mgonjwa wa Kigali na wa Kampala wanaumwa ugonjwa uleule.