Pikapu na SUV za umeme zinazokuja: tarakimu za matangazo na uhalisia wa barabarani

Ushindani wa kutengeneza pikapu na magari ya SUV yanayoendeshwa kwa umeme umeingia katika hatua mpya. Kampuni zilizotangulia kuingia sokoni nchini Marekani zinapunguza uzalishaji au kubadili mipango yake, huku zinazofuata zikiahidi magari madogo zaidi na ya bei nafuu. Kwa mwananchi, mfanyabiashara au taasisi inayofikiria kununua gari la aina hiyo katika miaka ijayo, jambo la msingi ni kufahamu ni tarakimu zipi katika tangazo la mtengenezaji zinazoweza kutegemewa kabla ya fedha kutoka.

Historia ya pikapu hizi ni fupi, lakini inafundisha mengi. Kampuni ya Rivian ilionesha pikapu yake ya R1T kwa mara ya kwanza Novemba 2018, na ikaanza kuizalisha Septemba 2021 katika mji wa Normal, jimbo la Illinois, kwenye kiwanda kilichowahi kuwa cha Mitsubishi. GMC ilifuata na Hummer ya umeme Desemba 2021. Ford ilizindua uzalishaji wa F-150 Lightning Aprili 2022 mjini Dearborn, Michigan. Tesla, iliyokuwa imetangaza Cybertruck tangu Novemba 2019, ilikabidhi magari ya kwanza kwa wateja tarehe 30 Novemba 2023.

Mfano wa Cybertruck ndio unaoonesha kwa uwazi zaidi umbali uliopo kati ya tangazo na bidhaa. Mwaka 2019 wateja walielezwa kuwa bei ingeanzia dola 39,900 za Marekani, na kwamba toleo la juu lingesafiri zaidi ya kilomita 800 kwa chaji moja. Miaka minne baadaye, toleo la mota mbili lilitoka kwa dola 79,990 likiwa na uwezo wa takriban kilomita 547, na lile la mota tatu kwa dola 99,990 na takriban kilomita 515. Uwezo wa kuvuta tela uliotangazwa ni karibu kilo 4,990. Yapo mambo ya kiufundi ambayo gari hilo limeyatangulia mengine, ukiwemo mfumo wa umeme wa volti 48 na usukani usiounganishwa na magurudumu kwa vyuma. Hata hivyo, Machi 2025 magari zaidi ya 46,000 yaliitwa kurudi kwa marekebisho kutokana na hatari ya paneli ya nje kubanduka gari likiwa safarini.

Kwa Ford, tatizo lilikuwa bei. Lightning ilitangazwa Mei 2021 kwa bei ya kuanzia isiyofika dola 40,000. Kufikia Machi 2023 toleo hilohilo la msingi lilikuwa linakaribia dola 60,000, na Julai mwaka huohuo likashushwa hadi dola 49,995. Mnunuzi aliyelipa mwezi Juni alishuhudia thamani ya gari lake ikiporomoka kabla hajalizoea. Betri zake ni za ukubwa wa aina mbili, kilowati-saa 98 na 131, zenye uwezo wa kilomita 370 na 515 kwa vipimo vya Marekani. Sifa iliyowavutia wengi ni ya pembeni: gari linaweza kutoa umeme wa hadi kilowati 9.6 kwa ajili ya vifaa vya fundi eneo la kazi, au kuwasha taa za nyumba umeme unapokatika. Desemba 2025 Ford ilitangaza kusitisha uzalishaji wa Lightning ya umeme mtupu, na kwamba itakayofuata itakuwa na injini ya mafuta yenye kazi ya kuchaji betri wakati wa safari.

Ram imepita njia hiyohiyo. Mwaka 2023 iliahidi pikapu ya umeme mtupu yenye betri ya hadi kilowati-saa 229. Septemba 2025 mpango huo ulifutwa, na jina lake la REV likahamishiwa kwenye gari lenye betri ya kilowati-saa 92 pamoja na injini ya petroli ya lita 3.6 inayozalisha umeme. Anayesoma tangazo la zamani na kulinganisha na jipya anaweza kudhani ni gari moja, kumbe jina tu ndilo lililobaki.

Tarakimu za betri zinaeleweka vizuri zaidi zikipimwa kwa kitu kinachofahamika. Kilowati-saa moja ndiyo uniti moja inayonunuliwa kwenye mita ya LUKU. Hummer ya umeme, yenye uzito unaozidi tani 4, ina betri ya zaidi ya uniti 200. Mteja mdogo wa TANESCO aliye katika kundi la matumizi yasiyozidi uniti 75 kwa mwezi angetumia karibu miezi mitatu kumaliza kiasi kinachoingia katika betri hiyo mara moja. Ukubwa huo ni matokeo ya kujaribu kusukuma gari zito lenye umbo lisilopenya upepo kwa urahisi: betri inaongezwa ili gari lifike mbali, uzito wa betri unalazimisha vyuma na matairi imara zaidi, na uzito huo mpya unadai betri kubwa zaidi. Chevrolet Silverado ya umeme imefikisha kilomita 792 kwa vipimo vya Marekani katika toleo la mwaka 2025 la kazi, lakini kwa betri ya ukubwa huohuo wa zaidi ya uniti 200.

Jambo ambalo matangazo hulitaja kwa sauti ndogo ni mzigo. Majaribio yaliyofanywa na majarida ya magari nchini Marekani yameonesha mara kwa mara kuwa pikapu ya umeme inapovuta tela kubwa, umbali wake wa safari hupungua kwa takriban nusu. Sababu yake haina siri: tela refu na pana huongeza ukinzani wa hewa, na mota hulazimika kutumia nishati nyingi zaidi kwa kila kilomita. Pikapu ya dizeli nayo huathirika vivyo hivyo, ila dereva wake hujaza tangi kwa dakika chache katika kituo chochote. Mizigo iliyowekwa ndani ya bodi, kama mifuko ya saruji au magunia ya mahindi, haileti upungufu mkubwa kiasi hicho kwenye barabara tambarare, kwa kuwa haibadilishi sana umbo la gari mbele ya upepo. Mlimani uzito huo hudai nishati yake kamili, lakini katika mteremko sehemu yake hurudishwa, kwa sababu mota hugeuka kuwa jenereta na kuchaji betri. Katika mteremko kama wa Kitonga mkoani Iringa, ambako breki za magari mazito hupata moto, sifa hiyo ina thamani ya kiusalama inayozidi hata ile ya kuokoa umeme.

Kabla ya kulinganisha umbali wa gari moja na jingine, msomaji anapaswa kuhakikisha kuwa yote mawili yamepimwa kwa utaratibu mmoja. Zipo taratibu tatu kubwa. Ule wa Shirika la Kulinda Mazingira la Marekani, EPA, hutoa tarakimu za chini na zinazokaribia zaidi matumizi ya barabara kuu. Ule wa WLTP unaotumika Ulaya hutoa tarakimu za juu kidogo. Ule wa CLTC wa China ndio wenye tarakimu kubwa kuliko zote, kwa kuwa unazingatia zaidi mwendo wa polepole wa mijini. SUV ya Kia EV9, kwa mfano, inatajwa kuwa na kilomita 489 nchini Marekani na hadi kilomita 563 barani Ulaya. Gari ni lilelile. Kwa kuwa magari mengi ya umeme yanayoingia Afrika Mashariki yanatoka China, tofauti hii inastahili kuulizwa na kila mnunuzi anapooneshwa kipeperushi.

Upande wa SUV, watengenezaji wa Korea Kusini wamekwenda kwa utulivu zaidi kuliko wa Marekani. EV9 yenye safu tatu za viti ilichaguliwa kuwa Gari Bora la Dunia la mwaka 2024, na mwenzake wa Hyundai, Ioniq 9, alizinduliwa Novemba mwaka huohuo akiwa na betri ya kilowati-saa 110.3. Mfumo wake wa volti 800 huwezesha betri kutoka asilimia 10 hadi 80 kwa takriban dakika 24, mradi chaja iwe na nguvu za kutosha. Sharti hilo la mwisho ndilo linaloamua kila kitu. Penye chaja dhaifu, mfumo wa volti 800 hauna faida yoyote juu ya ule wa kawaida.

Magari yanayosubiriwa sasa yanaonesha kuwa somo la uzito na bei limeanza kueleweka. Rivian ilizindua SUV ndogo ya R2 Machi 2024 kwa bei iliyotajwa kuwa takriban dola 45,000, na uzalishaji wake ulipangiwa nusu ya kwanza ya mwaka 2026. Agosti 2025, Ford ilitangaza mpango wa pikapu ya ukubwa wa kati yenye milango minne, ya takriban dola 30,000, itakayounganishwa Louisville, Kentucky, kuanzia mwaka 2027. Scout, kampuni iliyo chini ya Volkswagen, inaandaa pikapu ya Terra na SUV ya Traveler kwa bei ya kuanzia chini ya dola 60,000. Mteja wake atachagua kati ya umeme mtupu wenye takriban kilomita 560 na toleo lenye injini ndogo ya kuchajia linalolenga zaidi ya kilomita 800.

Ya kipekee kati yao ni pikapu ya Slate, iliyooneshwa Aprili 2025. Ina viti viwili na vioo vya kuzungushwa kwa mkono, haina redio wala rangi ya kupakwa, na inaweza kugeuzwa kuwa SUV kwa kufungwa paa na viti vya nyuma. Betri yake ya msingi ilitangazwa kufika takriban kilomita 240, na uwezo wake wa kuvuta ni kilo 450 tu. Bei ya awali ya chini ya dola 20,000 ilitegemea nafuu ya kodi ya dola 7,500 iliyokuwa ikitolewa na Serikali ya Marekani. Nafuu hiyo ilikoma tarehe 30 Septemba 2025, na bei ikapanda ipasavyo. Bei yoyote ya gari la Marekani iliyochapishwa kabla ya tarehe hiyo inahitaji kusomwa kwa tahadhari hiyohiyo.

Pikapu za Marekani zilizotajwa hapa hutengenezwa zikiwa na usukani wa kushoto, hivyo zinazowagusa kwa karibu wakazi wa Afrika Mashariki ni mbili nyingine. Isuzu D-Max ya umeme ina betri ya kilowati-saa 66.9, kilomita 263 kwa kipimo cha WLTP, na bado inabeba zaidi kidogo ya tani 1 na kuvuta tani 3.5 kama ndugu yake wa dizeli. Toyota Hilux ya umeme, iliyooneshwa Novemba 2025, ina betri ya kilowati-saa 59.2, kilomita zipatazo 240, mzigo wa takriban kilo 715 na uwezo wa kuvuta kilo 1,600, yaani chini ya nusu ya Hilux ya dizeli. Kwa tarakimu hizo, Hilux hiyo ingetoka Dar es Salaam na kufika Morogoro ikiwa imebakiwa na chaji kidogo, na isingefika Dodoma bila kusimama kuchaji. Inafaa zaidi kwa kazi za mgodini, bandarini au shambani, ambako gari hurudi karakana moja kila jioni. Matoleo ya usukani wa kulia ya magari hayo yamepangwa kwa masoko kama Uingereza na Australia.

Mabadiliko ya aina ya betri nayo yana uzito kwa ukanda huu. Pikapu ijayo ya Ford itatumia betri za LFP, zinazotengenezwa kwa lithiamu, chuma na fosfeti, ambazo ni nafuu na hustahimili kuchajiwa mara nyingi, ingawa ni nzito kwa kila uniti zinayohifadhi. Betri hizo hazihitaji nikeli wala kobalti. Habari hiyo si njema kwa wachimbaji wa kobalti wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, inayotoa sehemu kubwa ya kobalti ya dunia, na inagusa pia matarajio ya mradi wa nikeli wa Kabanga wilayani Ngara, ambao Serikali ya Tanzania ina hisa za asilimia 16. Madini ya kinywe yako katika nafasi tofauti. Hutumika katika betri za LFP na katika zile za nikeli pia, hivyo mradi wa Mahenge wilayani Ulanga hautegemei sana ni kambi ipi ya watengenezaji itakayoshinda.

Kwa anayeagiza gari lililotumika, mambo mawili yanafaa kuthibitishwa kwa maandishi kabla ya malipo. La kwanza ni hali ya betri ikitajwa kwa asilimia ya uwezo wake wa awali, kwa kuwa kilomita zilizosomeka kwenye dashibodi hazielezi imechakaa kiasi gani. La pili ni aina ya soketi ya kuchajia. Magari ya Marekani, Ulaya, Japani na China hayatumii plagi moja kwa chaji ya haraka, na adapta ya kuunganisha mfumo mmoja na mwingine haipatikani kwa kila gari.