Mpira, Moto na Mteremko wa Ngomo: Historia Fupi ya Neno na Kitu katika Karakana za Bukavu

Miongoni mwa maneno ya Kiswahili yaliyobebeshwa mzigo mkubwa kuliko umbo lake, neno mpira halikosi kutajwa. Kamusi za Kiswahili sanifu hulieleza kuwa ni utomvu wa mimea fulani uliogandishwa, ni mmea wenyewe utoao utomvu huo, ni kitu cha duara cha kuchezea, tena ni mrija wa kupitishia maji au hewa. Huko Bukavu, ambako wengi hulitamka mupira, neno hilohilo hutumika karakanani kwa takriban kila kitu kinachopindika chini ya boneti. Makala haya yanachunguza kimoja tu kati ya vitu hivyo, nacho ni kile kirija kifupi, pamoja na viungo vyake, kinachofikisha mvuto wa hewa kwenye chombo cha kuongeza nguvu za breki. Joto la injini likikiharibu, dereva hubaki na breki nzito kama jiwe. Kwa mji uliojengwa mlimani, hilo si jambo la pembeni.

Ieleweke kwanza kwamba neno lilitangulia motokaa. Katika miaka ya 1870 pwani ya Afrika Mashariki iliuza nje mpira wa porini uliogemwa kutoka mitoria, mmea utambaao ambao wanabotania waliupa jina la Landolphia kirkii kwa ajili ya John Kirk, konseli wa Uingereza huko Unguja. Upande wa magharibi, katika Dola Huru la Kongo lililokuwa mali ya Mfalme Leopold wa Pili kuanzia 1885 hadi 1908, mpira wa jamii hiyohiyo uligemwa kwa shuruti. Ripoti ya Roger Casement ya mwaka 1904 iliwaeleza walimwengu habari za vijiji vilivyotekwa, mateka na mikono iliyokatwa. Kivu haikuwa kitovu cha biashara hiyo ya damu. Kitovu kilikuwa misitu ya Ikweta. Hata hivyo utawala uliofuata haukusahau njia zake. Japani ilipoiteka Malaya mwaka 1942 na mpira wa Asia ukakatika, serikali ya Kongo ya Kibelgiji iliongeza siku za kazi za lazima kwa wanavijiji kutoka 60 hadi 120 kwa mwaka, na mpira wa msituni ulirudi kuwa mojawapo ya kazi hizo. Kwa hiyo, kabla ya kuwa jina la kipuri, mpira ulikuwa jina la adhabu.

Siri ya kuufanya mpira uvumilie kazi iligunduliwa na Charles Goodyear huko Marekani mwaka 1839: kuuchanganya na salfa na kuutia moto. Bila moto huo mpira hunata wakati wa joto na kukakamaa wakati wa baridi. Lakini hapa ndipo penye kinaya cha historia nzima. Moto uleule unaoukamilisha mpira kiwandani huendelea kuupika ukishafungwa garini, na hewa ya oksijeni husaidia kazi hiyo. Mpira wa asili, na aina kadhaa za mpira wa kutengenezwa, hupoteza unyumbufu siku hadi siku. Wengine hukauka na kupasuka, wengine hulainika na kunata kama ulimbo. Wanakemia hutumia kanuni ya kukadiria tu, kwamba joto likizidi kwa nyuzi 10 za sentigredi maisha ya mpira hupungua kwa karibu nusu. Kirija kilichoundwa kidumu miaka kumi mahali pa baridi, kikisogezwa sentimita chache kulielekea bomba la moshi, huenda kisidumu hata miwili.

Bukavu iliijua motokaa kwa ukamilifu baada ya mwaka 1928, ilipoundwa Kamati ya Taifa ya Kivu iliyogawa ardhi kwa walowezi. Mashamba ya kahawa, chai na kwinini yalihitaji malori. Mji huo, uliokuwa ukiitwa Costermansville hadi miaka ya 1950, uko kwenye ukingo wa Ziwa Kivu, kimo cha kiasi cha mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Bandari yake ya Ziwa Tanganyika, Kalundu karibu na Uvira, iko chini ya mita 800. Reli iliyojengwa kutoka Kalundu kupitia bonde la Ruzizi haikuupanda mlima, iliishia Kamanyola. Kutoka hapo bidhaa zilipakiwa malorini, na malori yakaukabili mwinuko wa Ngomo hadi Nyangezi na Bukavu. Reli ilifungwa mwaka 1958. Mwinuko umebaki, ingawa madereva wengi katika nyakati za amani wamependelea kuuzunguka kwa kupitia Bugarama, upande wa Rwanda.

Jiografia hiyo ndiyo inayoeleza uharibifu unaozungumziwa. Lori linalopanda kutoka Kamanyola huenda polepole kwa gia ya chini, injini ikifanya kazi kwa nguvu zote, na upepo wa kuipoza ni mdogo. Maji nayo, kwa kimo cha Bukavu, huchemka kwenye nyuzi 95 hivi badala ya 100, hivyo rejeta yenye kifuniko kilicholegea huanza kutoa mvuke mapema. Dereva akifika juu, husimama apumzike, naye huzima injini. Wasio mafundi hudhani kwamba hapo mpira nao umepumzika. Sivyo. Feni imesimama, maji hayazunguki, na joto lililomo katika chuma hupanda na kujikusanya chini ya boneti. Kwa dakika kadhaa, mahali penye mirija huwa na joto kuliko lilivyokuwa gari likienda. Kwa hiyo mpira huumia wakati wa kupanda, huungua zaidi wakati wa kusimama, na deni hilo hulipwa siku nyingine, wakati wa kushuka.

Malipo yenyewe ni haya. Injini ya petroli, inapovuta hewa kupitia kabureta iliyofungwa nusu, huacha upungufu wa hewa ndani ya bomba la kuingizia. Upungufu huo hupelekwa kwa mrija hadi kwenye chombo chenye kiwambo. Hewa ya nje hukisukuma kiwambo, nacho humsaidia dereva kukanyaga breki. Malori ya Kimarekani ya miaka ya 1940, kama GMC ya jeshi, yalikuwa na chombo cha aina hiyo kilichoitwa Hydrovac. Injini ya dizeli kwa kawaida haina kizuizi cha hewa cha namna hiyo, kwa hiyo hupewa pampu yake. Katika dizeli nyingi za Toyota pampu hiyo imeunganishwa na alteneta, na mrija wake huanzia palepale penye joto la injini. Tena kimo kina sehemu yake. Kinachosukuma kiwambo ni hewa ya nje, na Bukavu hewa hiyo ina uzito pungufu kwa karibu sehemu moja kwa sita ikilinganishwa na ya Mombasa. Msaada wa breki basi huanza ukiwa umepungua kabla mrija haujatoboka. Ufa ambao dereva wa pwani angeuvumilia kwa miezi, dereva wa Kivu huuhisi mguuni kwenye kona ya kwanza.

Si breki peke yake zinazotegemea kirija hicho. Mercedes 240D, dizeli iliyowahi kuwa teksi katika miji mingi ya Afrika, huzimwa kwa mvuto huohuo wa hewa. Kiungo kimoja cha mpira kikipasuka, dereva huzungusha ufunguo, huutoa, huutia mfukoni, na injini huendelea kunguruma. Watazamaji wamepata kucheka kwa sababu hiyo.

Namna karakana zilivyokabili jambo hili haiwezi kutenganishwa na historia ya uhaba. Tarehe 30 Novemba 1973 Rais Mobutu alitangaza hatua za kuzipokonya biashara za wageni na kuwakabidhi Wazaire. Maduka mengi yaliyokuwa yakiagiza vipuri yalipata wenyewe wasioijua biashara hiyo, na rafu zikabaki tupu. Yalifuata maporomoko ya sarafu, uporaji wa miaka ya 1991 na 1993, kisha vita vya 1996 na 1998. Katika hali hiyo raia waliishi kwa ule uitwao Kifungu cha 15, yaani jitafutieni wenyewe, na mafundi hawakuwa nje ya sheria hiyo ya mzaha.

Mbinu zao zastahili kuandikwa, maana si zote za kubahatisha. Iliyo bora ndiyo iliyo rahisi. Mrija aghalabu hufa kwanza kwenye ncha zake, pale ulipovishwa kwa nguvu juu ya kibomba cha chuma. Chuma huleta joto na mpira ulionyooshwa hupasuka upesi. Fundi hukata ncha iliyokakamaa, sentimita mbili au tatu, akauvisha tena ikiwa urefu unaruhusu. Mbinu ya pili ni kuuzungushia utepe uliokatwa katika shambreri, yaani mpira wa ndani wa gurudumu. Utepe huo huziba kweli, lakini kwa muda: nao ni mpira, nao utapikwa. Mbinu ya tatu ndiyo ya hatari. Ni kuweka mrija wowote wenye tundu la kutosha, mathalani ule wa maji. Mrija wa maji umeundwa ustahimili msukumo kutoka ndani, haukuundwa kustahimili kunyonywa. Ukipata joto hulainika, kuta zake hukutana, na njia ya hewa hufungwa bila ufa wowote kuonekana. Fundi hutazama, huona mpira mzima, akatafuta kosa kwingineko.

Hapa ndipo suala la lugha linapoingia, wala si kwa mlango wa nyuma. Kosa hilo la tatu lina mizizi katika neno. Mteja aliyetumwa sokoni Kadutu kununua mpira hurudi na mpira. Karakana hutofautisha kwa kazi: mpira wa maji, mpira wa mafuta, mpira wa hewa. Viwanda hutofautisha kwa maumbile. Mpira wa asili hauyawezi mafuta. Neoprini, iliyovumbuliwa kwa DuPont katika miaka ya 1930, huyastahimili kiasi na huvumilia joto zaidi. Ule uitwao EPDM hushinda joto na hewa kavu lakini huvimba ukirushiwa mafuta ya injini. Silikoni hufikia nyuzi 200. Vyote vinne huweza kuwa vyeusi, na vyote vinne huitwa mupira.

Kifaransa, kilichokuwa lugha ya karakana za kikoloni, hakikutoa msaada mkubwa kuliko huo. Kiliacha maneno mengi: shofere, kapo kwa boneti, shambreri, diriti kwa mrija wa maji. Lakini kwa dhana yenyewe ya upungufu wa hewa Kifaransa husema dépression, neno ambalo fundi asiyekaa shuleni sana hana sababu ya kulikumbuka. Kiswahili sanifu nacho kina neno ombwe, zuri na fupi, linalosikika zaidi katika makala za siasa kuliko chini ya magari. Yamkini halitafika karakanani kwa amri ya baraza lolote. Usemi wa mafundi, kwamba mpira unavuta hewa, unaeleza jambo kwa usahihi unaotosha: ufa hauvujishi kitu, bali huingiza. Mwenye kuelewa hivyo hatafuta tone chini ya gari, atasikiliza. Kinachokosekana katika msamiati ni jina la mpira kwa kuangalia unachoweza kuvumilia, na hilo linaweza kupatikana kwa kufuata mtindo wa mafundi wenyewe: mpira wa mvuto, kwa ule ambao kuta zake hazikutani, mpira wa moto, kwa ule unaofaa kukaa jirani na bomba la moshi. Maneno hayo hayahitaji kamusi. Yanahitaji kuandikwa kwenye boksi la muuza vipuri.

Tangu miaka ya 1990 yameingia kwa wingi magari yaliyokwisha kutumika Japani, mengi yakipitia Dubai, Mombasa na Dar es Salaam. Injini zake zina virija vingi vyembamba kuliko vya malori ya zamani, navyo hufika vikiwa na umri wa miaka kumi na zaidi. Kinga ya bati iliyokuwa ikitenga bomba la moshi na mirija mara nyingi imekwisha kutolewa na fundi aliyeona inamzuia mkono. Kuirudisha ni kazi ya nusu saa, na gharama yake ni kipande cha bati na skrubu nne.

Kuhusu kuupima mvuto wenyewe, kuna jaribio linalofanyika bila chombo chochote, na dereva anayeanza safari ya Ngomo huweza kulifanya gari likiwa limesimama mahali tambarare. Huzima injini, hukanyaga breki mara tano au sita hadi pedali iwe ngumu, huiacha mguu ukiwa juu yake, kisha huwasha. Mrija ukiwa mzima, pedali hushuka kidogo yenyewe chini ya mguu. Isiposhuka, boneti hufunguliwa kabla ya kuteremka.