Namba za kompresa: PSI, bar na kPa zilitoka wapi?

Ukiangalia boksi la kompresa ndogo ya kujazia tairi, ile ya kuchomeka kwenye gari, mara nyingi utaona 150 PSI kwa herufi kubwa. Tairi la gari dogo linataka kama 32 tu! Sasa hizo 150 ni za nini? Kabla hujatoa pesa, hebu turudi nyuma kidogo.

Mwaka 1644 Mwitaliano Evangelista Torricelli alieleza kwamba hewa ina uzito, na kwamba uzito huo ndio unaosimamisha zebaki kwenye mrija wa kioo hadi sentimita 76 hivi. Mwaka 1648 Blaise Pascal akamtuma shemeji yake, Florin Périer, apande na mrija kama huo mlima Puy de Dôme kule Ufaransa. Kufika juu, zebaki ikawa imeshuka. Kwetu ni vivyo hivyo: Mombasa hewa inatukandamiza kwa PSI 14.7 hivi, yaani pauni 14.7 kwa kila inchi ya mraba, lakini Nairobi ni kama 12 tu.

Ajabu ni kwamba geji ya kompresa ikiwa haijachomekwa popote husoma sifuri, iwe Mombasa au Nairobi. Hapo ndipo wengi huchanganyikiwa. Geji ya mshale ni kazi ya Mfaransa mwingine, Eugène Bourdon, aliyeisajili mwaka 1849. Ndani mna mrija bapa wa metali uliopindwa kama herufi C. Presha ikiingia, mrija hutaka kunyooka na kuvuta mshale. Lakini hewa ya nje nayo inausukuma mrija huo, kwa hiyo unachosoma ni tofauti kati ya ndani na nje. Tairi "lisilo na upepo" lina hewa, ila ni sawa na ya nje. (Mashine hii haina betri wala apdeti. Sisi waandishi wa programu tunyamaze.)

Sasa tuje kwenye namba ya kuogopwa, ile ya kompresa zenye tangi. Tarehe 20 Machi 1905 boila la kiwanda cha viatu cha Grover, mjini Brockton, Massachusetts, lililipuka na kuua watu 58. Jimbo likatunga sheria ya boila mwaka 1907. Chama cha wahandisi wa mitambo cha Marekani, ASME, kikatoa kanuni za boila, toleo la 1914, na mwaka 1925 zikafuata za matangi yasiyopashwa moto. Tangi la kompresa limo humo.

Namba iliyo kwenye kibati cha tangi ni mpaka, si shabaha. Swichi huzima mota kabla ya kufika huko. Swichi ikikwama, vali ya usalama hufunguka. Fundi akitaka kuiziba hiyo vali eti inapoteza upepo, mkatalie kabisa. Hewa iliyobanwa ni kama springi, na tangi likipasuka nguvu yote hutoka mara moja.

Kuhusu vipimo: bar 1 ni kPa 100, au PSI 14.5. Paskali ilipitishwa kuwa jina la kipimo cha kimataifa mwaka 1971. Kwa hiyo tairi la PSI 32 ni bar 2.2 au kPa 220. Usidharau jambo hili! Mwaka 1999 NASA ilipoteza chombo cha Mars Climate Orbiter kwa sababu programu moja ilitoa hesabu kwa pauni wakati nyingine ilitarajia vipimo vya metriki.

Na zile 150? Ni presha ambayo pampu inadai inaweza kufikia, basi. Hazisemi lolote kuhusu kasi. Kampuni hupenda kuzichapa kwa sababu pistoni ndogo sana pia inaweza kuzifikia, polepole, huku wewe umechuchumaa kando ya barabara. Tafuta lita kwa dakika, na zimepimwa kwa presha gani. Kama boksi halisemi, mimi ningeliacha dukani.