Fahamu: Wanafunzi wanavyoweza kurekodi historia ya shule yao kwa video

Nani alitoa eneo la shule ya kijijini kwako? Nani alifyatua tofali za darasa la kwanza kujengwa? Katika shule nyingi za vijijini, majibu wanayo wazee tu. Karatasi nazo si salama. Desemba 2009 na Januari 2010, Mto Mkondoa ulifurika, maji yakaingia mjini Kilosa, yakakata reli na kuacha maelfu ya watu bila makazi. Maji yakifika ofisini, madaftari hayaponi.

Ndiyo maana video ya wanafunzi ina faida. Siku mtu akilima ndani ya mpaka wa shule, maelezo ya walioshuhudia eneo likitolewa yataisaidia kamati ya shule kujua pa kuanzia, ingawa hayachukui nafasi ya hati.

Waanzie wapi?

Kwanza, mwalimu awaonyeshe daftari la uandikishaji na kitabu cha wageni. Humo mna majina na tarehe.

Pili, waende kwa wazee. Asiyekumbuka mwaka aulizwe: ilikuwa kabla au baada ya nini? Matukio haya yatasaidia:

- Hifadhi ya Mikumi kuanzishwa: 1964
- Operesheni Vijiji: 1973 hadi 1976
- Elimu ya Msingi kwa Wote (UPE): 1977
- Vita vya Kagera: 1978 hadi 1979
- Mvua za El Nino: 1997 hadi 1998

Wasiwasahau akina bibi. Wanaume wakisimulia kufyatua tofali, waulizwe pia maji ya kufyatulia yalibebwa na nani.

Wazee wawili wakitofautiana, warekodiwe wote wawili. Asikatwe mmoja.

Wakati wa kurekodi

Itumike simu ya mwalimu, ishikwe kwa ulalo, karibu na mzee, mahali pasipo upepo. Mzee aombwe ruhusa kwanza, kisha aanze kwa kutaja jina lake na tarehe ya siku hiyo. Wazazi nao waridhie watoto wao kuonekana.

Baada ya hapo

Video ikitumwa kwa WhatsApp hupungua ubora, hivyo ile ya awali ihifadhiwe kwenye memori kadi mbili: moja ofisi ya shule, nyingine ofisi ya kijiji. Simu ikipotea au maji yakija tena, nakala moja ibaki.

Msikilizaji, kama kijijini kwenu yupo aliyesoma darasa la kwanza siku shule ilipofunguliwa, aanze kurekodiwa yeye.